Dawa ya Macho Isiyo na Maji: Jinsi Kemia Inavyolifunika Jicho Kavu

Mtu akiambiwa na daktari kuwa macho yake ni makavu, jambo la kwanza analolifikiri ni kwamba yamepungukiwa na maji, na kwamba tiba yake ni kuyatia maji. Fikra hiyo ina mantiki, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowaongoza watengenezaji wa dawa za matone: maji safi, chumvi kidogo, na kitu cha kuyafanya maji hayo yawe mazito ili yasitiririke upesi. Lakini kwa wagonjwa wengi wa macho makavu, tezi zinazotoa machozi hazina kasoro kubwa. Machozi wanayo, ila hukauka haraka kupita kiasi. Kumtia mgonjwa wa namna hiyo maji machoni ni sawa na kuongeza maji katika sufuria iliyo motoni bila kifuniko. Maji yatazidi kwa kitambo, kisha nayo yataruka hewani kama yale ya mwanzo.

Mwezi Mei 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya matone ambayo ndani yake hamna maji hata kidogo. Hamna chumvi, wala dawa ya kuzuia kuoza. Chupa nzima imejaa kimiminika kimoja tu kisichochanganywa na kitu, na kazi yake ni kulifunika jicho. Katika makala hii tutaeleza kwa nini jicho huhitaji kifuniko, kimiminika hicho ni kitu gani, na kwa nini tone lake ni dogo mno. Mwanafunzi wa sekondari ataona kuwa mambo yanayohusika ni yale yale anayofundishwa darasani: mvukizo, mvutano wa uso wa kimiminika, densiti, na minyororo ya kaboni.

UTANDO WA MACHOZI

Mbele ya jicho ipo konea, ambayo ni kama kioo cha dirisha kinachopitisha mwanga. Juu ya konea umetanda utando wa machozi wenye unene wa maikromita 3 hivi. Ili kuupata mfano, tuchukue unywele mmoja wa kichwani: unene wake ni zaidi ya mara 20 ya unene wa utando huo. Hata hivyo utando huu mwembamba ndio unaoifanya konea iwe laini na ing'ae, unaoilisha oksijeni, na unaoikinga na vijidudu. Ukipasuka, hata mahali padogo, macho huona ukungu na kuwasha.

Vitabu vya zamani viliuchora utando huo kama nyumba ya ghorofa tatu: chini ute, katikati maji, juu mafuta. Siku hizi inafahamika kuwa ute na maji havikutengana hivyo, bali vimechanganyika, ute ukizidi kuwa mwingi kadiri tunavyoikaribia konea. Lakini tabaka la mafuta kwa kweli liko peke yake juu kabisa, likikabiliana na hewa. Unene wake kwa kawaida haufiki nanomita 100, yaani sehemu ndogo sana ya unene wa utando mzima.

Mafuta hayo hutoka katika kope. Kwa neno hili tunakusudia ile ngozi inayofunika jicho, wala si nywele zake. Ndani ya kila ukope zimepangwa tezi nyembamba, zaidi ya 20 katika ukope wa chini na nyingi kuliko hizo katika ukope wa juu, na kila moja ina tundu lake ukingoni. Huitwa tezi za Meibom, kwa jina la daktari wa Kijerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Kila tunapopepesa macho, misuli ya ukope huzikamua tezi hizo kidogo, na ukope unapopanda huyatandaza mafuta juu ya machozi.

Msomaji wa pwani atalielewa upesi jambo linalofuata. Mafuta ya nazi huwa kimiminika mchana wa joto, lakini asubuhi ya baridi huganda chupani. Mafuta ya tezi za Meibom nayo yana tabia hiyo, ila kiwango chake cha kuyeyuka kiko karibu sana na joto la kope zenyewe. Tezi zikiharibika, mafuta yake hubadilika na kuhitaji joto kubwa zaidi ili yayeyuke. Badala ya kutiririka, hutoka mazito na meupe kama dawa ya meno inayokamuliwa, au huziba tundu kabisa. Tezi iliyoziba kwa miaka mingi husinyaa, na ikishakufa hairudi tena.

UTHIBITISHO WA KAZI YA MAFUTA

Mwaka 1961 watafiti Saiichi Mishima na David Maurice walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa sungura. Walipoliondoa tabaka la mafuta, machozi yalikauka kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko kawaida. Mwaka 1997 Jennifer Craig na Alan Tomlinson walipima mvukizo katika macho ya binadamu wakakuta kwamba, mahali ambapo tabaka la mafuta halikuonekana au lilikuwa limekatikakatika, machozi yalivukizwa kwa kasi ya takriban mara 4.

Madhara ya mvukizo huo hayaishii kwenye kupungua kwa maji. Chumvi haivukizwi, hubaki nyuma. Kwa hiyo machozi yaliyosalia huzidi kuwa na chumvi, kama maji ya bahari yaliyoachwa juani katika mashamba ya chumvi. Chumvi hiyo huziudhi seli za konea, nazo hutoa ishara za uvimbe. Uvimbe huziharibu zaidi tezi na seli za ute, na utando huzidi kupasuka. Hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe, na mgonjwa asipotibiwa huwa hapati nafuu kwa kungoja tu.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Mgonjwa wa macho makavu huweza kwenda hospitali akilalamika kuwa macho yake yanatoa machozi ovyo. Si uongo. Konea iliyoudhika huiamuru tezi kubwa ya machozi itoe maji mengi kwa ghafla, kama inavyotokea moshi wa kuni unapoingia machoni. Maji hayo humiminika mashavuni, lakini kwa kuwa hayana kifuniko bora, punde jicho huwa kavu tena.

Maisha ya siku hizi nayo yamelizidisha tatizo. Mwaka 1993 Kazuo Tsubota na Katsu Nakamori wa Japani walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya watu wanaofanya kazi ofisini. Walipokuwa wamepumzika, watu hao walipepesa macho mara 22 kwa dakika kwa wastani; walipokuwa wakisoma kitabu, mara 10; na walipokuwa wakitazama kioo cha kompyuta, mara 7. Asiyepepesa hazikamui tezi zake, wala hayatandazi upya mafuta yake, ilhali hewa inaendelea kuyakausha machozi yake. Hali huwa mbaya zaidi mbele ya feni au katika chumba chenye mtambo wa kupoza hewa.

KWA NINI MAJI HAYATOSHI

Matone ya kawaida ya machozi ya bandia yana faida, na kwa mgonjwa ambaye tezi zake za machozi zimeshindwa kazi ni msaada mkubwa. Lakini yana mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni nafasi. Jicho la kawaida lina maikrolita 7 hivi za machozi, nalo haliwezi kubeba zaidi ya maikrolita 30 hivi bila kufurika. Tone la dawa ya maji huwa na maikrolita 30 hadi 50. Sehemu kubwa ya tone hilo basi humwagika shavuni au hupitia katika mfereji wa machozi hadi puani. Ndiyo maana mtu akitiwa dawa ya macho huweza kusikia ladha yake kooni.

Mpaka wa pili tumekwisha kuutaja: maji yaliyobaki huvukizwa.

Mpaka wa tatu ni usafi. Mahali penye maji na virutubisho kidogo, bakteria huweza kuishi. Kwa sababu hiyo chupa nyingi za dawa ya macho hutiwa kemikali ya kuwaua, na inayotumika sana ni benzalkoni kloridi. Kemikali hiyo huwaua bakteria kwa kuvuruga ngozi za seli zao, lakini haichagui seli. Mgonjwa anayeitumia mara nyingi kwa siku, kwa miezi mingi, huweza kuharibiwa seli za konea na kulivuruga lile tabaka la mafuta alilokusudia kulisaidia. Kwa upande mwingine, chupa ya maji isiyo na kinga ina hatari zake. Katika miaka ya 2022 na 2023 huko Marekani watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa bakteria sugu wa aina ya Pseudomonas aeruginosa. Wengi wao walikuwa wametumia matone ya machozi ya bandia yaliyotengenezwa bila kemikali ya kuua vijidudu. Watu 14 walipoteza uwezo wa kuona, na 4 walifariki.

FIKRA YA KIFUNIKO

Wazo la kuzuia mvukizo kwa utando mwembamba halikuanza na madaktari wa macho. Mwaka 1955 mtafiti W. W. Mansfield wa Australia alieleza jinsi alivyotandaza juu ya maji utando wa heksadekanoli, ambayo ni pombe yenye mnyororo mrefu wa kaboni 16. Utando huo ulikuwa na unene wa molekuli moja tu, nao ulipunguza mvukizo. Shabaha ilikuwa kuyaokoa maji ya mabwawa katika nchi kame. Tatizo lililojitokeza ni upepo, ambao huusukuma utando hadi ufukweni na kuuacha uso wa maji wazi.

Kifuniko cha jicho nacho kina masharti yake. Lazima kitandae chenyewe, kwa kuwa hakuna mtu atakayekipaka. Lazima kiwe angavu, na kisipinde mwanga tofauti na machozi, ama sivyo mgonjwa ataona ukungu. Lazima kisiyeyuke katika maji, kisivukizwe upesi, na kisiwe sumu. Na kila baada ya sekunde chache ukope utakipitia, hivyo lazima kiweze kutandaa upya mara kwa mara.

MOLEKULI YENYE NUSU MBILI

Kimiminika kilichotimiza masharti hayo huitwa perfluoroheksilioktani. Jina ni refu, lakini mwenye kujua kemia kidogo anaweza kulisoma kama anwani. Tuanze na oktani, mnyororo wa kaboni 8 wenye haidrojeni pande zote. Ni ndugu wa vimiminika vilivyomo katika petroli. Kwenye ncha yake moja uungwe mnyororo mwingine wa kaboni 6, lakini katika mnyororo huu wa pili kila nafasi ya haidrojeni imechukuliwa na florini. Fomula yake ni CF3(CF2)5(CH2)7CH3, kwa jumla C14H17F13. Wanakemia huiandika kwa ufupi F6H8. Mwanafunzi akijumlisha tungamo za atomu zake atapata takriban gramu 432 kwa kila moli, na ataona kuwa zaidi ya nusu ya tungamo hiyo ni florini.

Florini huishika kaboni kwa nguvu kuliko haidrojeni inavyoweza. Kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo imara kabisa katika kemia ya kaboni, na elektroni zake zimeshikwa barabara hata haziyumbi kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba molekuli zenye florini nyingi hazivutani sana zenyewe kwa zenyewe, wala hazivutani sana na maji au mafuta. Kila mpishi aliyetumia kikaangio kisichogandisha chakula ameiona tabia hiyo, kwa maana kikaangio hicho kimepakwa plastiki yenye florini, iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938.

Sasa nusu moja ya F6H8 ina tabia hiyo ya kukataa kila kitu, na nusu ya pili ina tabia ya mafuta ya kawaida. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba, molekuli hizo zikifika juu ya machozi, nusu ya mafuta huelekea chini na kujichanganya na mafuta ya Meibom yaliyopo, na nusu ya florini huelekea juu hewani. Molekuli zikijipanga bega kwa bega, hufanya utando mmoja. Katika maabara imeonekana kuwa maji ya chumvi yakifunikwa kwa kimiminika hiki, mvukizo wake hupungua sana. Hata hivyo maelezo rasmi ya dawa hiyo huko Marekani yenyewe yanasema kuwa namna hasa inavyomponya mgonjwa haijajulikana kikamilifu. Huenda pia inayalainisha mafuta yaliyoganda kwenye matundu ya tezi, na huenda inapunguza msuguano wa ukope.

Kuhusu mwanga, kipeo cha kupinda mwanga cha F6H8 ni 1.34, karibu sawa na cha machozi. Mwanga unaopita kutoka kimoja kwenda kingine haupindwi sana, na ukungu ukitokea huwa wa muda mfupi.

Kimiminika hiki hakikubuniwa kwa ajili ya macho makavu. Kabla ya hapo madaktari wa upasuaji walikuwa wakikitumia ndani ya jicho, katika matibabu ya retina, lile pazia la nyuma linalopokea mwanga. Kwa kuwa densiti yake ni gramu 1.35 kwa kila mililita, huzama chini ya maji, na hivyo kiliweza kuikandamiza retina iliyobanduka irudi mahali pake. Kampuni ya Novaliq, iliyoanzishwa Heidelberg nchini Ujerumani mwaka 2007, ndiyo iliyokitoa ndani ya jicho na kukifanya dawa ya matone ya juu ya jicho.

KWA NINI TONE LAKE NI DOGO

Hapa fizikia ya kidato inatuwezesha kupiga hesabu kamili. Tone linaloning'inia kwenye mdomo wa chupa hushikiliwa na mvutano wa uso, na huvutwa chini na uzito wake. Uzito ukiushinda mvutano, tone huanguka. Kwa hiyo, mdomo wa chupa ukiwa ule ule, ujazo wa tone hulingana na mvutano wa uso ukigawanywa kwa densiti.

Mvutano wa uso wa maji ni milinyutoni 72 kwa mita, na densiti yake ni 1. Gawio ni 72. Mvutano wa uso wa F6H8 ni milinyutoni 20 hivi kwa mita, kwa kuwa molekuli zake hazivutani sana, na densiti yake ni 1.35, gawio ni karibu 15. Tone la F6H8 basi linatakiwa liwe kama moja ya tano ya tone la maji. Ikiwa tone la maji ni maikrolita 50, tunatabiri maikrolita 10. Tone halisi la dawa hiyo lina maikrolita 11 hivi. Jicho hulipokea bila kufurika, na mvutano huo mdogo ndio unaolifanya tone litandae mara moja badala ya kubaki limeviringana.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila dawa yoyote. Achukue bomba moja la kudondoshea, na spiriti ya kawaida ya maabara. Wanafunzi wahesabu matone yanayojaza mililita 2 za maji, kisha mililita 2 za spiriti, kwa bomba lile lile lililokaushwa. Mvutano wa uso wa spiriti ni 22 hivi na densiti yake ni 0.8, hivyo wataona matone ya spiriti ni zaidi ya mara mbili ya matone ya maji. Spiriti iwekwe mbali na moto na mbali na macho. Kwa mvukizo, vichukuliwe visahani viwili vyenye maji sawasawa, kimoja kimwagiwe juu yake mafuta ya kupikia hadi uso wote ufunikwe, vipimwe kwa mizani, kisha vipimwe tena baada ya siku moja na baada ya siku mbili.

DAWA ILIVYOPIMWA KWA WAGONJWA

Dawa mpya haitoshi kuwa na maelezo mazuri, lazima ipimwe. Majaribio mawili makubwa yaliyoamua hatima ya F6H8 huko Marekani yalipewa majina ya majangwa, GOBI na MOJAVE. La kwanza lilikuwa na wagonjwa 597 na la pili 620, wote wakiwa watu wazima wenye macho makavu na dalili za ubovu wa tezi za Meibom. Kwa kura, nusu walipewa F6H8 na nusu maji ya chumvi hafifu, mara 4 kila siku kwa wiki 8.

Waliulizwa wayape macho yao alama za ukavu kutoka 0 hadi 100. Wale wa F6H8 walishusha alama zao kwa 27 hadi 29 hivi. Wale wa maji ya chumvi nao walishusha, kwa 19 hadi 20. Madaktari pia waliitia konea rangi ya floresini, ambayo hung'aa mahali seli zilipoharibika, na kuyapa madoa alama kutoka 0 hadi 15. Alama zilipungua kwa 2 hivi kwa F6H8, na kwa 1 hivi kwa maji ya chumvi.

Inafaa wanafunzi wazitafakari tarakimu hizi. Kama pasingekuwa na kundi la pili, watu wangeisifu dawa kwa nafuu yote. Kundi la pili linaonyesha kuwa sehemu kubwa ya nafuu iliyosimuliwa na wagonjwa ingepatikana hata kwa maji ya chumvi, ama kwa sababu yanalowesha, ama kwa matumaini ya kutibiwa, ama kwa kuwa ugonjwa hupanda na kushuka wenyewe. Sifa ya haki ya dawa ni ile tofauti, na tofauti hiyo ilijitokeza katika majaribio yote mawili. Madhara yaliyoonekana, kama ukungu wa muda na wekundu, yaliwapata wagonjwa wachache, kati ya 1 na 3 katika kila 100.

Mwezi huo huo wa Mei 2023 Marekani iliidhinisha dawa nyingine iliyotumia ndugu wa kimiminika hiki, perfluorobutilipentani, kama chombo cha kubebea siklosporini. Siklosporini hutuliza uvimbe wa jicho lakini haiyeyuki vizuri katika maji. Kwa hiyo kimiminika kisicho na maji kimefungua pia njia ya kuzifikisha machoni dawa zinazoyakataa maji.

MIPAKA NA MASHAKA

Dawa hii haifufui tezi zilizokufa. Hufunika tu, na mgonjwa akiiacha, kifuniko huondoka. Mtumiaji wa lenzi za kuvaa jichoni hutakiwa azitoe kwanza na angoje angalau dakika 30 kabla ya kuzirudisha. Usalama wake kwa walio chini ya umri wa miaka 18 ulikuwa haujathibitishwa dawa ilipoidhinishwa. Na ingawa bakteria hawawezi kuzaliana ndani ya chupa isiyo na maji, mdomo wa chupa ukigusishwa jichoni au mkononi huchafuka kama wa chupa yoyote.

Liko na shaka la upana zaidi. Uimara wa kifungo cha kaboni na florini, ambao ndio sifa ya molekuli hii, ndio pia unaozifanya kemikali za jamii hiyo zisioze katika udongo na maji. Baadhi yake zimepigwa marufuku au kuwekewa mipaka mikali chini ya Mkataba wa Stockholm: PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019. F6H8 haina kichwa cha asidi kama kemikali hizo mbili, na kiasi kinachoingia katika damu kutoka jichoni kimeonekana kuwa kidogo sana. Lakini kwa tafsiri pana iliyotolewa mwaka 2021 na shirika la OECD, nayo imo katika ukoo huo. Faida kwa mgonjwa na athari kwa mazingira yapasa zipimwe pamoja, bila kuifumbia macho mojawapo.

SI KILA JICHO KAVU NI LA NAMNA HII

Katika Afrika Mashariki ni muhimu zaidi kulitaja jambo la mwisho. Mtoto ambaye macho yake yamekauka, hasa akiwa haoni vizuri magharibi inapoingia, huenda amepungukiwa na vitamini A. Huyo hafaidiki na kifuniko chochote. Anahitaji vitamini A kwa haraka, na baadaye chakula chenye mboga za majani, maembe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maini na mayai. Akicheleweshwa huweza kupofuka. Mtu mwenye makovu ya trakoma ndani ya kope huweza kuwa na tezi za Meibom zilizoharibika, lakini kope zake zikiwa zimejikunja ndani na nywele zinaikwaruza konea, anahitaji upasuaji kabla ya matone. Na mtu ambaye tezi zake za machozi hazitoi maji anahitaji maji kwanza.

Kadhalika pasiwepo mtu atakayesoma makala hii akaamua kutia machoni mafuta ya kupikia, ya taa au ya kujipaka. Mafuta hayo si safi kwa kiwango kinachotakiwa na jicho, na huweza kuleta vidonda vya konea. Kwa mwenye tezi zilizoziba, msaada wa kwanza hauna gharama: kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza, kiwekwe juu ya kope zilizofungwa kwa dakika 5 hadi 10, kikichovywa tena kila kinapopoa, ili mafuta yaliyoganda yayeyuke, kisha ukingo wa kope usuguliwe taratibu kwa kidole kilichonawa. Anayesoma au kutazama kompyuta kwa muda mrefu ajizoeze kupepesa macho kikamilifu na kuyapumzisha kila baada ya muda. Maumivu makali, wekundu unaozidi au kupungua kwa uwezo wa kuona ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulipewa jina la dalili yake, na tiba ikalifuata jina. Watafiti walipouliza maji yanakwenda wapi, badala ya kuuliza yaongezwe kiasi gani, waliikuta njia ya tiba mpya. Mwalimu akimzoeza mwanafunzi kuuliza swali la namna hiyo kabla ya kutafuta dawa, atakuwa amemfundisha sehemu kubwa ya sayansi.